Muziki wa Magharibi na Sikio la Pemba: Tafakari Juu ya Namna Tunavyofundisha Historia ya Wimbo wa Kanisa

Kwa miaka mingi historia ya muziki wa Kanisa imefundishwa katika vyuo vyetu kwa mfano wa mtu apandaye ngazi. Kipandio cha kwanza ni wimbo wa Kigregori wenye sauti moja. Cha pili ni sauti nyingi za Notre Dame ya Paris, yaani kazi za Leoninus na Perotinus. Hufuata Josquin, Palestrina, Schütz na Bach, kisha Haydn, Mozart na Beethoven, na mwisho okestra kubwa za karne ya 19. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba muziki ulizaliwa Ulaya ukiwa mchanga, ukakua huko, ukakomaa huko, na ukaletwa kwetu ukiwa mtu mzima. Nyimbo za babu yake, pamoja na zile za jirani yake Mwislamu, huhesabiwa kuwa zimekwama katika vipandio vya chini.

Katika makala hii tunakusudia kulihakiki fundisho hilo. Hatusemi kwamba majina yale yasifundishwe. Mchungaji asiyemjua Bach amenyimwa sehemu ya urithi wake. Tunachohoji ni ngazi yenyewe. Nasi tumechagua kuihoji tukiwa tumesimama Pemba, si Wittenberg wala Leipzig, kwa kuwa yako mambo ambayo mtu aliye Leipzig hana haja ya kuyaona, lakini aliye Chake Chake hawezi kuyakwepa.

Wakristo wa Pemba ni wachache mno, na wengi wao ni watu waliotoka bara kwa ajili ya kazi: walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara. Kwa hiyo ibada yao ina wasikilizaji wa aina mbili. Wako walio ndani, na wako walio nje, ambao ni wengi zaidi, wapitao njiani au wakaao barazani wakisikia kila kitu. Sikio hilo la nje si tupu. Limelelewa tangu utotoni na usomaji wa Kurani kwa tajwidi, na maulidi, na msewe na kibati, na taarabu ya redioni na ya arusini. Zaidi ya yote limelelewa na ushairi. Kisiwa hiki ndicho kilichowazaa Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na hata leo mtu wa kawaida wa Pemba hutambua mara moja mstari uliopungukiwa mizani, kama vile mpishi atambuavyo wali usioiva. Wimbo wetu unapotoka dirishani unakutana na mahakimu wa namna hiyo.

Udi, fidla na kinanda

Tuanze na jambo ambalo ngazi ya darasani hulificha. Muziki uitwao wa Magharibi haukukua peke yake. Al-Farabi aliandika kitabu chake kikubwa cha muziki katika karne ya 10, wakati ambapo Ulaya ilikuwa bado inatafuta namna ya kuandika sauti kwa alama zenye uhakika. Guido wa Arezzo alikuja kuziweka silabi zake za ut, re, mi, fa, sol, la katika karne ya 11, akizichukua katika utenzi wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji. Udi wa Waarabu ulivuka kuingia Ulaya kwa njia ya Hispania na nchi nyingine za Mediterania, na huko ukaitwa kwa majina yaliyotokana na neno lilo hilo la Kiarabu, al-ud. Rababu nayo ikazaa vinanda vidogo vya upinde, ambavyo ni miongoni mwa wazazi wa fidla. Martin Luther alikuwa mpigaji wa chombo hicho kilichotokana na udi. Wanafunzi wetu hufurahi kusikia kwamba Mtengenezaji alikuwa mwanamuziki, lakini ni mara chache huambiwa kwamba chombo alichokipakata ni ndugu wa kile kinachopakatwa katika taarabu ya Unguja na Pemba.

Na safari haikuishia Ulaya. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alimtuma Muhammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Chama cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905. Siti binti Saad akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Kadiri taarabu ilivyokua, ilizipokea fidla, selo, besi na akodiani, vyombo ambavyo kwa umbo la leo ni vya Ulaya kabisa. Lakini tuangalie kwa makini kilichopokewa na kilichoachwa. Fidla ilipokewa, lakini mwafaka wa sauti nne uliokuwa ukienda pamoja nayo katika okestra za Ulaya uliachwa. Wapigaji wote hufuata wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kwa namna yake, na fidla, kwa kuwa haina vigawanyo shingoni, huweza kuzipata sauti zilizo kati ya sauti, ambazo akodiani haiwezi kuzipata. Watu wa pwani walichagua. Nasi tunaona kwamba uchaguzi huo una haki ya kuandikwa katika historia ya fidla, kwa heshima ileile anayopewa Corelli.

Hata neno letu kinanda limesafiri. Kwa Waswahili wa kale kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi. Lamu hasa jina hilo lilikuwa la chombo cha kupakata kinachofanana na udi. Leo mzee wa kanisa asemapo kwamba ibada bila kinanda si ya Kilutheri, hudhani anatetea jambo la Kijerumani kwa neno la Kijerumani!

Kile kilichotufikia hasa

Dai hilo la mzee wa kanisa linastahili kupimwa kwa historia ileile anayoitegemea. Mwaka 1524 kilichapishwa Nürnberg kitabu kidogo chenye nyimbo nane tu, nne kati yake zikiwa za Luther. Mwaka huohuo Johann Walter alitoa Wittenberg kitabu cha kwaya, na ndani yake wimbo wenyewe uliwekwa katika tena, wala si soprano. Washarika wa wakati ule waliimba kwa sauti moja bila kusindikizwa na kinanda. Ni mwaka 1586 ambapo Lukas Osiander alitoa kitabu kilichopandisha wimbo katika sauti ya juu ili watu wa kawaida waweze kuufuata, na desturi ya kinanda kuwaongoza washarika ilienea katika karne ya 17. Mapigo nayo yalibadilika. "Ein feste Burg" ilipotoka mkononi mwa Luther ilikuwa na mapigo yasiyolingana, marefu na mafupi, yenye kurukaruka. Karne mbili baadaye ilikuwa imesawazishwa kuwa noti za urefu mmoja zinazotembea polepole. Uzito ambao wengi wetu huuita roho ya Matengenezo ya Kanisa uliongezwa baada ya watengenezaji kufa.

Kuna pia hadithi, inayopendwa sana na viongozi wa vijana, kwamba Luther alichukua nyimbo za vilabuni akazitia maneno ya Injili. Haina msingi. Wako wanaosema ilitokana na kutoelewa jina la umbo la wimbo la Kijerumani, ambalo kwa matamshi hufanana na neno la kilabu cha pombe. Kweli ni kwamba alichukua tenzi za Kilatini, kama ule wa Ambrose wa Majilio, akazigeuza. Na kwa wimbo wake wa Noeli "Vom Himmel hoch" alitumia kwanza wimbo wa kienyeji wa mafumbo, kisha mwaka 1539 ukatolewa na sauti mpya. Alichagua, akajaribu, akabadili. Ni kazi ya fundi, wala hakufungua mlango ili kila kitu kiingie.

Basi, ikiwa si Luther, ni nani aliyetufikia? Kwa sehemu kubwa ni karne ya 19. Ni solfa ya Sarah Glover na John Curwen wa Uingereza, iliyowawezesha walimu wetu wa kwaya kuandika wimbo mzima kwa herufi chache ubaoni. Ni harmoni ndogo ya kukanyaga kwa miguu. Ni nyimbo za mikutano ya uamsho za Ira Sankey wa Marekani, zenye viitikio vitamu, zilizoenea kwetu kwa njia ya vitabu kama "Tenzi za Rohoni". Ni sauti iliyolinganishwa kwa vigawanyo kumi na viwili vilivyo sawa, mtindo uliotawala piano katika karne hiyo na ambao leo umefungwa ndani ya kila kinanda cha umeme kinachouzwa Kariakoo. Sehemu hiyo moja ya historia, ndefu kama maisha ya mtu mmoja au wawili, ndiyo tuliyoipokea tukaiita muziki wa Kanisa.

Pemba yenyewe ni shahidi kwamba hata Wazungu waliofika hawakuwa na sauti moja. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuja Marafiki, yaani Wakwekeri wa Uingereza, walioanza kazi yao kisiwani mwaka 1897 miongoni mwa watu waliokuwa wakiachwa huru kutoka utumwani. Katika mapokeo ya kale ya dhehebu lao watu hukutana kimya, bila liturujia, bila kinanda, bila wimbo uliopangwa. Katika miaka hiyohiyo walikuwapo Waanglikana wa UMCA, ambao kwao ibada kamili ilikuwa ni ya kuimbwa, yenye ubani na mavazi. Kimya na wimbo, vyote viwili kutoka nchi moja ya Ulaya, vilifika katika kisiwa ambacho mtu huweza kukimaliza toka kaskazini hadi kusini kwa siku moja. Anayezungumzia "ibada ya Kizungu" kana kwamba ni kitu kimoja na afikiri juu ya hilo.

Mkazo wa maneno

Tunafika sasa penye kiini cha uhakiki wetu, nacho ni lugha. Mwaka 1525, katika maandiko yake dhidi ya wale aliowaita manabii wa mbinguni, Luther alieleza kwa nini hakuwa na haraka ya kutoa misa ya Kijerumani. Alisema kwamba kutia maneno ya Kijerumani chini ya noti za Kilatini kungekuwa kuiga tu. Maneno, noti, mkazo na mwendo wa wimbo lazima vyote vizaliwe katika lugha ya mama. Misa yake ya Kijerumani ilitoka mwaka uliofuata, baada ya kushauriana na wanamuziki. Tunaomba wanafunzi wa teolojia walipime jambo hili kwa uzito wake. Mtu tunayemtaja ili kutetea tafsiri zetu za nyimbo ndiye aliyezikataa tafsiri za namna hiyo katika lugha yake.

Tuchukue neno Bwana. Mkazo wake uko katika silabi ya kwanza. Nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza huanza kwa noti dhaifu inayotangulia pigo zito. Mfasiri akianzisha mstari kwa Bwana, silabi yenye mkazo huangukia penye udhaifu, na ile ya mwisho hubebeshwa pigo. Mwishoni mwa mstari ni vibaya zaidi. Kijerumani na Kiingereza vina maelfu ya maneno yanayomalizika kwa silabi yenye mkazo, na wimbo umejengwa juu yake. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo wokovu, upendo na milele hulazimishwa kusimama kwa kisigino cha silabi ya mwisho. Sisi tuliokulia ndani ya nyimbo hizi tumezoea, wala hatusikii tena. Aliye barazani nje anasikia.

Tena anasikia kukosekana kwa vina. Utenzi wa Kiswahili una mishororo minne katika kila ubeti, mizani minane katika kila mshororo, mitatu ya kwanza ikipatana kwa kina na wa nne ukibeba kina cha bahari kinachounganisha utenzi wote. Shairi lina mizani kumi na sita, nusu kwa nusu. Sheria hizi huhesabu silabi wala hazihesabu mapigo, kwa hiyo mwimbaji huweza kuzitandaza juu ya sauti nyingi mbalimbali. Nyimbo zetu nyingi huitwa tenzi, na hazina lolote kati ya hayo. Kwa msikilizaji wa Pemba jina hilo ni ahadi isiyotimizwa, kama sahani yenye kawa lakini isiyo na chakula.

Si kwamba Kanisa letu halikujaribu. Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alihimiza na kukusanya nyimbo za Kikristo zenye sauti za Kiafrika, akazitoa katika "Tumshangilie Mungu". Mwaka 1966 Wilson Niwagila aliandika "Njoo kwetu, Roho mwema", na mwaka huohuo Bernard Kyamanywa akaandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya". Huu wa mwisho ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold mwaka 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Mwalimu anayechora ngazi ubaoni atauweka wapi wimbo huu? Mjerumani wa leo anaimba Pasaka kwa sauti iliyotoka Tanzania. Kama muziki wa Magharibi umeendelea kubadilika hata karne ya 20, basi mojawapo ya sababu za mabadiliko hayo zilitoka kwetu.

Hata hivyo hatutaki kuupamba mkusanyo huo kupita kiasi. Sauti zake nyingi ni za bara, na zinapofika Pemba husikika kuwa ni za bara. Mwafrika wa Kagera si Mwafrika wa Micheweni. Ujenzi wa wimbo wa Kiafrika ulidhaniwa kuwa ni kazi moja, na pwani, yenye mapokeo ya ushairi yaliyoandikwa kwa karne nyingi, iliachwa pembeni, nadhani yetu kwa sababu mapokeo hayo yalionekana kuwa ya Kiislamu mno. Hilo lilikuwa kosa la kitaaluma kabla halijawa kosa la kichungaji.

Wako watakaojibu kwamba sauti za Ulaya ndizo zinazowaweka watu wa pwani mbali, na kwamba tuziache zote. Hatukubaliani nao. Kila mtoto wa shule Pemba huimba wimbo wa taifa wa Muungano, na sauti yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897 kwa mwafaka wa tenzi za misheni na kuuandika kwa solfa. Hakuna mzazi wa Kiislamu tuliyemsikia akilalamika kwamba mwanawe anaimba utenzi wa kanisa. Sauti ya kigeni ikikaa vizuri katika kinywa cha watu huacha kuwa ya kigeni. Na wako wengine, hasa miongoni mwa vijana, wanaotaka tuimbe Zaburi kwa mahadhi ya usomaji wa Kurani. Hapo tunasema hapana bila kusita. Kwa Mwislamu usomaji ule si muziki, wala adhana si muziki. Kuuiga ni kuchukua kitu cha jirani bila idhini yake, naye ataona dhihaka pale ambapo sisi tulidhani tumeonyesha upendo. Mahadhi ya kasida na ya mashairi ni jambo jingine, maana hayo ni mali ya lugha.

Tuliwahi kushiriki ibada moja kisiwani ambamo kwaya ilikuwa na watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuimba tena. Mwalimu wa kwaya aliwasha kinanda cha umeme ili kifanye kazi ya sauti zilizokosekana, umeme ukakatika katika ubeti wa pili, nao wakaendelea kwa sauti moja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Baadaye mwalimu huyo alituomba radhi. Hakuwa na la kuombea radhi, kwa maana washarika wa Wittenberg wa mwaka 1524 waliimba kwa sauti moja vilevile, lakini hakuna mtu aliyewahi kumfundisha hivyo. Katika mafunzo yake ya ualimu wa kwaya aliambiwa kwamba sauti moja ni kipandio cha chini.

Linabaki swali la nani ataandika maneno. Vyuo vyetu, Makumira na Ruhija vikiwamo, vimewafundisha wanamuziki, washairi hatukuwafundisha. Wanaozijua sheria za mizani kwa undani katika Pemba ni Waislamu, na swali tuliloulizwa na wanafunzi zaidi ya mara moja ni kama yafaa kumpelekea mshairi wa Kiislamu wimbo wa Kikristo aukague vina vyake. Sisi hatuoni kizuizi, mradi tumweleze wazi ni maneno ya nini, naye awe huru kukataa. Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844 alisaidiwa na kadhi. William Taylor, mmisionari wa CMS katika mji huohuo, alijifunza mashairi ya Muyaka kwa Mwalimu Sikujua. Imani hazikuchanganywa, na Kiswahili kilichopatikana kwa njia hiyo ndicho tulichokirithi. Itakapofika zamu ya kuvipitia tena vitabu vyetu vya nyimbo, tungependa kamati isikae Moshi wala Dar es Salaam kwa muda wote wa kazi yake, bali wajumbe wawili watatu wapande meli hadi Mkoani, wakae Wete majuma machache, na wawasomee nyimbo zao, bila kinanda, watu wajuao kuhesabu mizani.